Wavu Chini ya Gari

Kila jioni, baada ya chakula, mama yake Almut aliuliza swali moja tu kuhusu gari.

"Umeweka wavu?"

Na Almut, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alijibu, "Nimeweka, Mama."

Wavu wenyewe ulikuwa kipande cha waya wa banda la kuku kilichopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Katika kijiji cha Dornbuch, juu kwenye vilima vya Swabia, kusini mwa Ujerumani, kila mtu ambaye gari lake lililala nje alikuwa na wavu wa namna hiyo. Sababu ilikuwa nguchiro. Nguchiro wa huko si yule wa Afrika, ingawa wanafanana; ni mwembamba, ana kifua cheupe, na usiku hupenda kujilaza juu ya injini yenye joto. Kama angejilaza tu akaenda zake, nani angemchukia? Lakini hutafuna kila mpira na kila waya anaoukuta. Hapendi kukanyaga waya wa kuku, ndiyo maana watu huutandaza chini, mbele ya gari, palipo na injini.

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Mwezi wa tisa Almut aliifanya bila kunung'unika. Kisha zikaja mvua za vuli, uwanja ukawa tope tupu, na fremu ikawa nzito na ya baridi ya kuuma vidole. Jioni moja akaiacha imeegemea ukuta wa banda la kuni, akarudi ndani na kusema, "Nimeweka." Asubuhi gari likawaka kama kawaida. Jioni ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Baada ya wiki moja hakufika hata kwenye banda. Alisimama nje ya mlango kwa muda wa kutosha, akarudi kwenye joto.

Mama yake, Irmela Rapp, alikuwa mhudumu wa wazee majumbani. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi aliwasha gari, akapanda mlima kwenda kuwachoma wagonjwa wa kisukari sindano zao na kuwavisha soksi wale wasioweza kuinama. Alikuwa amehangaika miaka miwili kuipata kazi hiyo, na bado alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja ofisi ingeamua kama anabaki au anaondoka.

Mapema mwezi huo huo gari likaanza kukohoa.

"Likiwa limesimama linanguruma vizuri," mama alimweleza fundi Haug, ambaye gereji yake ilikuwa karibu na kiwanda cha zamani cha maziwa. Almut alisimama pembeni na mkoba wake wa shule. "Kwenye tambarare halina neno. Nikifika mlimani nikakanyaga mafuta, linasita, linatikisika, halafu linamisi. Ni kama mtu mwenye kwikwi."

"Siku nzima, au asubuhi tu?"

"Asubuhi zaidi. Mchana saa nyingine linapona lenyewe."

Haug alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kubahatisha. Alichukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika kwa penseli kila kitu kilichoweza kuwa na kosa: plagi, chujio la mafuta, pampu, koili. Mwisho akaandika neno moja zaidi.

"Na nguchiro je?"

"Huyo mtoe," mama alisema. "Almut anaweka wavu kila jioni. Mtoto huyu simwambii mara mbili."

Haug akamgeukia Almut. "Kila jioni?"

Masikio ya Almut yalipata moto. Hapo ndipo angeweza kusema, na pengine hadithi hii ingeishia hapo. "Kila jioni," alijibu.

Fundi akalifuta neno nguchiro kwa mstari, akaanza na plagi.

Plagi mpya zikafungwa. Siku mbili zilikuwa kavu, gari likapanda mlima bila tatizo, na mama akaimba jikoni. Siku ya tatu ukungu ulishuka hadi kwenye mapaa, na gari likakwama katikati ya mlima. Mama alifika kwa Bibi Lutz, mgonjwa wake wa kisukari, akiwa amechelewa dakika arobaini. Ajuza wa watu alikuwa ameketi na gauni la kulalia, mkate uko mbele yake, haugusi, kwa sababu alikatazwa kula kabla ya sindano. Ofisi ikamwandikia mama barua ya onyo.

Haug akabadilisha chujio. Kisha akaipima pampu, kisha koili. Kila mara gari lilipokaa ndani ya gereji yenye joto, lilinguruma kwa raha.

"Gari lako linanifanya mjinga, Mama Rapp," alisema. "Likiniona tu linajifanya halijui kitu."

Kwenye kituo cha basi la shule, Lorenz wa darasa lao naye hakukosa la kusema. "Leo nimemsikia mama yako akipanda mlima. Nikadhani trekta la babu limefufuka."

"Hebu niache."

"Baba anasema labda ni nguchiro."

"Si nguchiro!"

Lorenz akamshangaa. "Mbona mkali hivyo? Nimesema labda."

Tangu siku hiyo Almut alianza kuweka wavu tena. Hakusubiri kuulizwa. Aliuburuta matopeni, akausukuma chini ya gari, akausawazisha kwa vidole vilivyokufa ganzi. Alijua haisaidii. Wavu humzuia nguchiro asiingie, lakini hauwezi kuziba tundu alilokwisha kulitoboa. Usingizi ulimpaa, na kila asubuhi alisikiliza mlio wa gari ukipanda mlima mpaka ulipoanza kukatikakatika. Alijichukia, lakini kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kusema.

Jumanne moja alitoka shuleni akamkuta mama jikoni, koti bado liko mwilini. Sahani ya dengu na tambi za mayai ilikuwa imepoa mbele yake.

"Mama, hukuenda zamu ya mchana?"

"Sina pa kwenda. Leo nimechelewa tena, wamempa mtu mwingine wagonjwa wangu. Wanasema ikifika mwisho wa mwezi basi, kazi sina."

"Kwa sababu ya gari?"

"Kwa sababu ya kuchelewa. Gari ni shida yangu mimi. Bibi Lutz ana kosa gani?"

Hakulia. Afadhali angelia. Almut alitoka bila kula, akakimbia mpaka gereji, akasimama mbele ya Haug akihema.

"Bwana Haug, nilisema uongo. Wavu sikuuweka. Mwezi mzima wa kumi sikuuweka."

Fundi alifuta mikono yake polepole. Almut alingoja afokewe, lakini alichosema Haug kilikuwa kigumu zaidi. "Umekuja kuniambia mimi. Aliyepoteza kazi ni nani? Nenda ukamwambie, kisha mje wote wawili na gari."

Akaenda akamwambia. Mama alimtazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni. Kisha akachukua ufunguo wa gari. Wakaenda gereji wote wawili.

Haug alifunga mlango wa gereji, akateremsha pazia la dirisha na kuzima taa. "Washa injini," alimwambia mama. Alishika chupa ya kupulizia maua maji, akanyunyiza unyevunyevu juu ya waya nne zinazopeleka umeme kwenye plagi. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha, chini ya waya wa tatu, mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi, cheche ndogo ya buluu iliruka kwenye chuma. Ikaruka tena, na injini ikaanza kutikisika na kumisi vilevile kama mlimani.

"Huyo hapo," alisema Haug. Aliwasha taa, akauchomoa waya na kumwekea Almut kiganjani. Palikuwa na vitundu viwili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. "Penye ukavu, umeme unapita ndani ya waya. Pakiwa na ukungu, na injini ikibeba mzigo wa mlima, unatoroka kupitia hapa, na silinda moja inalala. Waya mpya naufunga kwa robo saa."

"Robo saa," mama alirudia taratibu.

"Ningeuona wiki ya kwanza," Haug alisema. "Almut, nisikilize vizuri. Fundi hana macho ya kuona usiku wa jana. Anategemea anachoambiwa. Uliponijibu 'kila jioni', nilitafuta kila mahali isipokuwa mahali penyewe. Kosa lako la kwanza lilikuwa uvivu, na dawa yake ilikuwa waya mmoja. Uongo ndio uliokula kazi ya mama yako."

Gari lilipanda mlima jioni ile kwa sauti moja, bila kusita hata mara moja. Mama aliliendesha mpaka juu, akageuza, akarudi. Asubuhi yake alipiga simu ofisini kueleza. Walimsikiliza kwa adabu, lakini mtu mpya alikuwa ameshatia saini.

Jioni hiyo, baada ya chakula, Almut alitoka nje, akaweka wavu, akanawa matope.

"Umeweka wavu?" mama aliuliza.

"Nimeweka, Mama."

Mama aliinuka, akavaa viatu vya mvua, akachukua tochi. Mlangoni akageuka. "Sitakuadhibu, mwanangu. Kusema kweli ulisema, na nimekusamehe. Lakini neno lako lilikuwa linanitosha, na sasa halinitoshi. Itabidi ulijenge tena, jioni moja baada ya nyingine."

Akatoka. Almut alisimama dirishani akiangalia mwanga wa tochi ukivuka uwanja na kuinama chini ya gari.