Bodi ya Lueth

Haya yalimpata Aluel wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1997, na siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Upepo ulishatia vumbi kwenye chai. Aluel alikuwa ameinamia roboti ndogo ya magurudumu matatu ambayo kaka yake Lueth aliianza, homa ikamchukua kabla hajaimaliza. Jumamosi angeipeleka Lodwar. Chuo cha ufundi cha huko kilikuwa na nafasi moja tu kwa watu wa kambini, na aliyeitaka alitakiwa kufika na mashine inayotembea. Akiikosa, angezeekea kwenye foleni ya mgao wa chakula.

Karakana yao ya kambini ilikuwa na desturi moja. Bodi ya saketi iliyoanzwa na mtu haiguswi na mwingine mpaka mwenyewe atamke, "Nimekuachia." Hata fundi mkuu, mwalimu Garad, Msomali mwenye masihara mengi, aliiheshimu. Aluel alikuwa amemtolea kaka yake misa tatu. Kumwomba bodi hakukumjia akilini. Marehemu huombewa, haombwi.

Alianza na mlango wa siriali, ule ambao chipu hupokelea maagizo kutoka kwenye kompyuta. Skrini ikabaki kimya. Garad akachungulia, akacheka.

"Waya wa kutuma umeuunga na wa kutuma? Midomo miwili inasemezana, dada. Nani atasikia?"

"Nisamehe, mwalimu. Sikulala."

Akazipishanisha nyaya. Maagizo yakaingia. Kisha, kwenye mlango wa nyongeza, akachomelea nyaya mbili, mbili tu, za masharubu ya chuma yaliyotangulia mbele ya roboti. Sharubu likigusa kitu na kupinda, roboti husimama.

Wakaiweka sakafuni, ikielekea nje. Ikaenda. Katikati ya chumba ikasimama.

Mbele yake hapakuwa na kitu.

"Waya umelegea," Garad alisema. Akaupima. Haukuwa umelegea. Wakaianzisha upya mara tatu, na mara zote tatu ikasimama palepale. Aluel akapiga magoti. Sharubu la kushoto lilikuwa limepinda. Limepinda kabisa, kama lililoegemea mguu wa mtu.

Garad hakucheka tena. Alinong'ona.

"Dada. Bodi hii uliiomba?"

"Kwa nani, mwalimu? Mwenyewe amekufa."

"Iombe."

Upepo ulitulia. Aluel akafanya ishara ya msalaba.

"Lueth, mwana wa mama. Niachie. Nakuomba."

Sharubu likanyooka. Polepole. Roboti ikapita, ikatoka hadi juani.

Jumamosi Aluel alisafiri na sanduku la roboti mapajani, wala hakuliweka chini njia nzima. Mwalimu Lokol wa chuoni alimpokea kwa "Ejok", salamu ya Kiturkana, akaitazama roboti ikizunguka ukumbi bila kusita. Kisha akaifungua kwa bisibisi. Akazihesabu nyaya.

"Nyaya hizi za mlango wa nyongeza. Mbili ni zako, nazitambua, ni mkono wa anayejifunza. Hizi nyingine nani ameunga?"

"Ni mbili tu, mwalimu."

"Ziko sita. Basi, nafasi umeipata, binti. Ila huyo mwenzako mwambie naye aje. Ana mkono kukushinda."

Aluel akainama kutazama. Nyaya nne nyekundu, zimechomelewa safi, ncha zake za pili zikining'inia hewani bila kuungwa popote. Yeye huchuna waya kwa wembe. Hizi zilichunwa kwa meno.

Akaugeuza mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja wa plastiki ulikuwa na alama za meno, zimezama. Upande wa pili ulikuwa laini.

Aluel alikulia makambini, hana pengo. Garad hana pengo. Lueth ndiye aliyeng'olewa meno ya chini ya mbele, kule nyumbani, kabla ya vita, kwa mila ya Wadinka.

Akaigusa ile ncha.

Ilikuwa na mate.