Kinanda cha Katoni

Wanza alikuwa amelidanganya kanisa lake miaka miwili, na Jumapili iliyokuwa inakuja angeshikwa.

Uongo wenyewe hakuuanza kwa mdomo. Ulianza siku ile mpiga kinanda wa kanisa lao pale Katoloni, mjini Machakos, alipohamia Mombasa bila kuaga mtu. Waimbaji walisimama mbele wakitazamana. Wanza alikuwa msusi wa nywele, mwimbaji wa safu ya nyuma, na hakuna aliyewahi kumwona akigusa kinanda. Akaketi, akapiga nyimbo nne bila kukosea. Mama mchungaji akapiga magoti akilia kwamba karama imeshuka. Watu wakapiga vigelegele. Wanza alifungua mdomo aseme ukweli, akaziona zile nyuso, akaufunga.

Ukweli ni kwamba alikuwa amejifunza miaka mitatu kabla ya siku hiyo. Kila alfajiri, kabla ya kufungua saluni, alikwenda Mumbuni kwa Mwalimu Bartholomew, mzee mstaafu aliyekuwa na kinanda cha zamani. Chumbani mwake Wanza hakuwa na kinanda. Alikata katoni ya friji, akachora vibao vyeusi na vyeupe kwa kalamu nene, akawa anavibonyeza usiku mpaka vidole vivimbe. Wimbo mpya ulimchukua siku kumi na moja. Baada ya hiyo "karama" hakupumzika hata kidogo. Sasa ilimbidi ajifunze zaidi, tena kwa kujificha: hata kwa Mwalimu aliacha kinanda na kubonyeza katoni, majirani wasisikie.

Musau, fundi wa spika, alikutana naye katikati ya uongo huo, sokoni Tala, siku kanisa lilipofanya mkutano wa nje. Mabunda ya mitumba yalikuwa yanafunguliwa, wenye nyanya wanaita, boda boda zinapiga honi. Wanza alikuwa amevaa gauni la kitenge la kijani na mkanda mweupe, anapita haraka kwenda jukwaani.

"Dada, simama hapo hapo," sauti ikamwambia kutoka chini. "Umekanyaga waya yangu."

Alitazama, akaona mwanamume amelala chini ya meza ya spika, bisibisi mdomoni, mkono mmoja wa ovaroli umeungua.

"Waya yako ndiyo imenifuata," Wanza akasema.

"Basi iko na macho mazuri kuliko mwenyewe."

"Mwenyewe aamke kwanza, tuone kama yuko na macho."

Aliamka. Alikuwa mrefu, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, na alicheka kabla hajajua kinachochekesha. Mkutano ulipokwisha alimfuata akiwa amebeba soda mbili.

"Kumbe wewe ndiye yule wa karama," akamwambia. "Mimi kila kitu nimekipata kwa kuumia. Huo mtihani wa umeme nilirudia mara tatu. Wewe unaketi tu, inatoka. Hicho ndicho nimependa."

Wanza alipokea soda, akamuuliza habari za ule mtihani.

Walipendana hivyo. Musau alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na spika karibu na soko la Marikiti, na alikuwa mtu wa simu. Alipiga saa kumi na mbili asubuhi, akapiga mchana, akapiga akisikia wimbo wowote redioni.

"Mwendwa, mpenzi wangu, uko wapi saa hii?"

"Kanisani. Maombi ya asubuhi."

"Niombee na mimi nipate wateja."

"Wewe omba upate kuoga."

Walicheka, kisha Wanza akakata simu na kurudi mezani kwa Mwalimu Bartholomew. Kila simu ilipolia aliruka. Aliota mara nyingi kwamba amekaa kwenye kinanda cha kanisa, anabonyeza, na vibao ni karatasi.

Halafu mchungaji akatangaza. Baada ya wiki tatu askofu angekuja kutoka Nairobi na wimbo aliotunga mwenyewe, ambao haujaimbwa popote. Angeuimba mara moja mbele ya watu wote, na Wanza angeupiga papo hapo, ili wenye mashaka waone. Kanisa lilisimama kushangilia. Wanza alishangilia pia.

"Nifundishe kupiga wimbo nikiusikia mara moja tu," alimwambia Mwalimu kesho yake.

"Mwanangu, hiyo ni kazi ya miaka ishirini," mzee akasema. "Wewe uko na mitano."

Alhamisi ya wiki hiyo Kavutha alikuja saluni. Kavutha aliuza mitumba, mama mnene mwenye sauti nzito, aliyetamani kupiga kinanda tangu utotoni. Hakukaa kwenye kiti. Alitandaza viganja vyake mbele ya Wanza.

"Niguse mikono," akasema. "Nimeanza kufunga leo. Uji kikombe kimoja jioni, mpaka na mimi nipewe. Wewe ulifunga siku ngapi, dada?"

Hapo ndipo uongo wa karama ulipopata mdomo.

"Sikumbuki," Wanza akajibu. "Ilikuja tu."

Akamgusa mikono. Kila Jumapili iliyofuata gauni la Kavutha lilizidi kumpwaya.

Jumatatu ya wiki ya mwisho simu ililia saa kumi na mbili kasoro, Wanza akiwa mezani kwa Mwalimu. Sauti ya Musau ilikuwa tofauti.

"Uko wapi?"

"Kanisani."

"Niko hapa mlangoni nimekuja kurekebisha miksa ya sauti. Kuna kufuli. Kuna mbwa amelala. Wewe sikuoni."

Wanza aliondoa vidole kwenye katoni.

"Henry wa boda boda ameniambia anakubeba kila asubuhi mpaka Mumbuni, kwa geti la mwanaume fulani. Mwaka wa pili huu. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Ni nani?"

Akimjibu, karama ingekufa, pamoja na kile Musau alichopenda. Asipomjibu, angekuwa malaya machoni pake. Alitazama ile katoni mezani, akaigeuza juu chini.

"Sawa," Musau akasema. "Kaa naye."

Zilipita siku nne bila simu. Wanza hakujua kwamba ukimya ungemtisha kuliko mlio. Alisuka mteja mmoja mistari saba badala ya minane, akaifumua yote.

Ijumaa alfajiri, geti la Mumbuni lilisukumwa kwa nguvu. Musau aliingia na manyunyu ya mvua mabegani, spana mkononi. Alitarajia kijana. Alimkuta mzee wa sweta ya kijivu amekaa macho yamefumbwa, na Wanza anabonyeza katoni iliyotandazwa mezani. Hakukuwa na sauti ila ya kucha kwenye karatasi ngumu.

"Umekosa," mzee akasema bila kufumbua macho. "Kidole cha nne."

"Huyu ndiye?" Musau akauliza.

"Ndiye," Wanza akasema.

"Babu wa miaka themanini?"

"Sabini na tisa," mzee akajibu. "Na funga mlango, baridi inaingia."

Musau alifunga mlango. Aliitazama katoni, rangi iliyofutika pale vidole vilipozoea kupita, akatazama zile nyingine zilizochakaa, zimeegemezwa ukutani. Wanza alingoja matusi.

"Endelea," Musau akasema.

Aliendelea. Tap, tap-tap, tap. Musau aliinamisha kichwa kama anavyofanya kwenye spika yenye mkwaruzo. Baada ya muda akasema polepole, "Huo ni ule wimbo wa Pasaka."

Wanza aliacha kupiga. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema unapenda vile ninaketi tu."

"Nilisema hivyo lini?"

"Tala. Umebeba soda."

Musau alivuta kiti, akaketi, akaweka spana sakafuni. "Mimi nilirudia ule mtihani mara tatu," akasema, "nikidhani ni mimi peke yangu mjinga Machakos nzima. Na wewe ulikuwa umekaa hapa."

Mwalimu Bartholomew aliondoka kwenda kuchemsha chai. Waliobaki wakazungumza kuhusu Jumapili, na hofu ikarudi ikakaa nao mezani.

"Sikiza," Musau akasema. "Sauti yote inapitia kwangu. Askofu akimaliza kuimba, wewe shika kitambaa chako cha kichwa. Nitazima kila kitu, niseme amplifaya imeungua. Askofu atarudi Nairobi. Hakuna atajua."

"Na akirudi tena?"

"Itaungua tena."

Alicheka yeye mwenyewe. Wanza hakucheka, lakini alikubali.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wanza alivaa blauzi nyeupe ya kola, sketi ya bluu na kitambaa cha bluu kichwani. Alihesabu spika, akahesabu madirisha, akahesabu hatua kutoka kwenye kinanda hadi mlango wa pembeni: kumi na tano. Askofu aliimba wimbo wake. Ulikuwa mrefu, wenye kona ambazo sikio halikuzitegemea, na kufikia ubeti wa pili Wanza alikuwa ameshapotea kabisa.

Askofu akamaliza. Watu wote wakamgeukia Wanza. Nyuma, kwenye meza ya miksa, Musau alikuwa na kidole juu ya swichi.

Wanza aliinua mkono kwenda kichwani.

Kavutha alikuwa amekaa safu ya kwanza. Gauni lililokuwa likimbana sasa lilikuwa limekunjwa mgongoni kwa pini. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Viganja vilikuwa wazi juu ya magoti, na vidole vilikuwa vikibonyeza hewa taratibu, vikingoja.

Mkono wa Wanza uliishia sikioni. Ukashuka, ukachukua maikrofoni.

"Huu wimbo siwezi leo," akasema. "Askofu, nipe siku kumi na moja."

Wachache wakacheka.

"Sikupewa kwa usiku mmoja. Nimesoma miaka mitano kwa Mwalimu Bartholomew wa Mumbuni. Nyumbani nafanya kwa katoni. Mliponiita wa karama nilinyamaza, kwa sababu niliogopa. Dada Kavutha, nilikuambia ilikuja tu. Nilikudanganya. Nenda ukale."

Mama mchungaji alifunika uso kwa leso. Askofu alikunja karatasi yake mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia. Mtu fulani nyuma akashangaa kwa Kikamba, "Asi, huyu msichana." Watu wakaanza kutoka. Kavutha alisimama kwa shida, akamfikia Wanza, akamtazama karibu.

"Siku kumi na saba," akasema. Akatoka ameshika ukuta.

Kanisa lilipobaki tupu, Musau alikuja akikunja waya mkononi.

"Mbona hukushika kitambaa? Kidole kiliniuma kwa kungoja."

"Mkono ulikuwa karibu kufika."

"Niliuona." Alikunja mzunguko mmoja zaidi. "Wanza, niko na kazi ingine naomba. Nikuoe. Nimeirudia tangu Ijumaa, kila asubuhi, mbele ya kioo. Na bado imetoka vibaya."

"Rudia."

"Nikuoe."

"Sawa," akasema. "Twende kwa mama kesho, kabla sijaogopa tena."

Walioana Agosti. Gharama ya yote hayo ilikuwa hivi. Alfajiri elfu moja na mia tano, ukitoa za Jumapili na za ugonjwa. Katoni kumi na nne. Kidole cha nne cha mkono wa kushoto, ambacho hakinyooki tena chote. Kiti cha kinanda, kilichopewa mtu mwingine wiki iliyofuata. Wateja wa nywele kutoka kanisani, kumi na tisa, wakabaki wanne. Siku nne bila simu ya Musau. Na zile siku kumi na saba za Kavutha, ambazo Wanza alizitumia na hazikuwa zake.