Njia ya Mama Hadi Getini

Seremala alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Meza zake haziyumbi, milango yake haikwaruzi sakafu. Pimamaji lake, kipimo chenye kipovu cha kuonyesha usawa, alilipenda kupita kiasi. Alipopanga mwenyewe vitofali vya zege kutoka mlangoni hadi getini, akajisifu kweli kweli.

"Mama, njoo uone! Hapa hata ukifumba macho unatembea."

Mvua mbili tatu tu, mambo yakaharibika. Maji yakatuama. Vitofali vingine vikazama, vingine vikainuka. Asubuhi moja mama yake akajikwaa, akaanguka, akaumia nyonga. Nyonga ilipona, lakini moyo ukagoma. Sasa alishinda dirishani. Ng'ambo ya barabara, rafiki yake wa tangu usichana alimpungia mkono. Naye alipunga, basi.

"Sitoki," alisema. "Njia yako imeshanitupa chini, mwanangu."

Maneno hayo yalimchoma Seremala. Akaapa kwamba mama yake atafika tena getini kwa miguu yake mwenyewe.

Akamwita jirani yao, fundi aliyepanga vitofali kwenye vituo vya mabasi na viwanja vya shule. Mtaa mzima ulimwita Mama Kokoto. Mama Kokoto aling'oa kitofali kimoja, akachomeka kidole chini yake. Kidole kikazama.

"Loo! Umevilaza juu ya udongo mtupu?"

"Lakini vilikuwa sawa! Nilipima!"

"Hilo ndilo kosa la pili. Umevilaza bapa kama meza. Sasa maji yaende wapi? Yanakaa, yanapenya, yanalainisha udongo."

Mke wa Seremala, aliyekuwa kando akisikiliza, akaangua kicheko. Seremala hakucheka.

"Niambie la kufanya. Naanza leo."

Waling'oa vyote. Wakachimba, wakaondoa udongo laini wote. Wakamwaga kokoto zenye vumbi lake, tabaka kwa tabaka, wakinyunyiza maji na kushindilia. Seremala alichonga gogo zito lenye mishikio. Yeye na mkewe wakapokezana mpaka viganja vikatoka malengelenge.

"Tumwage mchanga sasa?" mke aliuliza, akihema.

Mama Kokoto akakanyaga kwa kisigino. "Kinaacha alama. Bado. Twangeni!"

Wakatwanga tena. Kisha wakajenga kingo za zege pande zote mbili, ili vitofali visisogee. Zilipokauka, wakatandaza mchanga, tabaka jembamba.

"Sasa mteremko," alisema Mama Kokoto. "Kila mita moja, shuka sentimita mbili, kuelekea mtaro ule wa kando ya njia. Pimamaji lako ni la mita moja. Gundisha kibao cha sentimita mbili chini ya ncha ya upande wa mtaro. Kipovu kikikaa katikati, mteremko uko sahihi."

Seremala alilikumbatia pimamaji lake. "Nilipotoshe hili?"

"Unamtaka mama yako au pimamaji?"

Akaenda kutafuta gundi.

Vitofali vilipokwisha kupangwa, walifagia mchanga mkavu ukaingia kwenye nafasi zake, wakagongagonga, wakafagia tena.

"Msidhani kazi imekwisha," Mama Kokoto alionya. "Magugu yang'oeni yakiwa machanga. Mvua ikiondoa mchanga, jazeni. Kitofali kikizama, kiinueni, shindilieni chini yake, mkirudishe. Msingoje kimwangushe mtu."

Mvua ikaja kwa fujo. Mama yake Seremala alikaa dirishani, akitazama maji yakikimbilia mtaroni. Ilipokatika, akachukua fimbo yake. Seremala akanyoosha mkono amshike.

"Niache!"

Akagonga kitofali cha kwanza kwa fimbo. Hakikutikisika. Akakikanyaga. Akagonga cha pili, akakanyaga. Seremala alisimama mlangoni. Mama akaenda hivyo hivyo, akigonga na kukanyaga, mpaka akalishika geti kwa mikono yake.

"Wewe huko!" akapaza sauti ng'ambo ya barabara. "Bandika chai, nakuja!"

Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe unalia nini? Njoo unifungulie geti."