Beseni Juu ya Nyayo

"Mwanao ndiye aliyemchukua ng'ombe wangu, na leo atanionyesha alipo."

"Mwanangu ana ng'ombe wa baba yake, Mama Aristides. Wa kwako wa nini?"

Mtaa wetu wa Moshono uliamka na maneno hayo. Hedwiga, Mama Aristides, ni muuza vitenge kutoka Kilimanjaro. Jirani yake, Namnyaki, ni Mwarusha aliyekulia kwenye mifugo. Kati yao kuna ua wa michongoma tu, na juu ya ua huo huazimana chumvi na kupeana umbea. Asubuhi ile walipeana matusi.

"Alipita hapa alfajiri na kamba," alisema Hedwiga.

"Kamba ya kufungia majani. Wewe majani unafungia vitenge?"

Hakuna aliyecheka. Lesian, mtoto wa Namnyaki, alikuwa amekaa chini uwanjani kwa Hedwiga, amefungwa mikono kwa kamba hiyohiyo. Watu walishamzunguka. Wengine walishika mawe. Mtu mmoja akauliza nani ana petroli. Aliuliza taratibu tu, kama anayeomba kiberiti.

Sylvanus mwenye duka alikuwa amepiga simu. Pikipiki ikaingia, akashuka Afande Fransiska, polisi kata wetu. Akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya Lesian.

"Nani alimwona akimtoa ng'ombe?"

Vidole vikaonyesha ile kamba.

"Basi mlichonacho ni kamba tu. Mkimpiga akafa, wauaji ni ninyi, na sheria itawashika. Na kama siye, mwizi mwenyewe yuko mbali, anakunywa chai. Mshukiwa hapigwi. Mnamlinda, mnatuita, tunachunguza, mahakama inaamua."

Akamfungua Lesian. Kisha akatazama chini. Uwanja ulikuwa safi, una mistari ya ufagio.

"Nani amefagia hapa?"

"Mimi," alisema Hedwiga. "Watu wanakuja, niwapokee kwenye uchafu?"

"Mama, umefagia nyayo. Huyo aliyepita hapa umemfuta mwenyewe."

Hedwiga akabaki ameshika kiuno. Hata mimi ningefagia. Nani huku kwetu anapokea wageni kabla ya kufagia?

Fransiska akazunguka nyuma ya banda la ng'ombe, kwenye pengo la ua. Huko ufagio haukufika, wala watu hawakufika. Vumbi letu ni laini kama unga, na lilikuwa limeshika alama. Akaomba mabeseni, akafunika alama moja moja ili zisikanyagwe. Kisha akamwita Namnyaki, na Hedwiga pia.

"Mama, wewe unazijua kwato. Tuambie mbele ya mwenzako."

Namnyaki akainama. Akazifuata alama kwa kidole.

"Huyu ni ng'ombe mmoja. Kwato zinapanda, zinaelekea mlimani. Buti za mwanangu ni hizi, zinashuka kwenye mfereji. Kando ya kwato hakuna mguu wa mtu."

Fransiska akamgeukia Hedwiga. "Usiku ulisikia nini?"

"Alilia usiku kucha. Nikadhani ni njaa, nikampa pumba."

Namnyaki akamtazama. "Ng'ombe akilia hivyo hataki pumba. Anataka dume."

Tukazifuata kwato. Mtaa mzima ulipanda ule mlima kimya, watu ambao huwa hawawezi kunyamaza hata msibani. Mlima Meru ulikuwa umetoka kwenye mawingu, mkubwa, ukituangalia. Tukafika kwa mzee Yiamat. Ndani ya zizi lake, kando ya dume jekundu, ng'ombe wa Hedwiga alikuwa amesimama anacheua. Kipande cha kamba kilichokatika kilining'inia shingoni.

"Amenifikia alfajiri," alisema Yiamat. "Nilikuwa nangoja mwenyewe aje."

Nikasikia jiwe likianguka. Halafu jingine. Mikono ilifunguka yenyewe. Lesian alikuwa hai, anapumua katikati yetu, na sote tulimtazama kama mtu tunayemwona kwa mara ya kwanza.

Hedwiga alimwomba msamaha palepale, mbele ya wote. Lesian alikubali. Namnyaki alimshika mwanawe mkono, wakatangulia kushuka.

Baadaye Fransiska alitukusanya, tukakubaliana. Likitokea jambo, hakuna kufagia wala kukanyaga. Alama inafunikwa beseni. Anapigiwa yeye, au namba 112. Na mawe yakae barabarani.

Masika yalipokaribia, duka la Sylvanus lilivunjwa. Hedwiga ndiye aliyefika wa kwanza, na aliacha ufagio nyumbani. Alifunika alama za viatu, akasimama kuzilinda mpaka Fransiska akaja. Alama ziliwapeleka polisi kwenye nyumba ya kupanga, mali ikakutwa ndani. Mwizi alipakiwa kwenye gari bila mchubuko, akapelekwa mahakamani. Watoto walimwangalia akipita. Wazee nao.

Jioni ile Hedwiga alirudi kutoka kuuza maziwa yake, akizunguka mbali na geti la Namnyaki kama alivyozoea tangu siku ile.

"Mama Aristides," sauti ya Namnyaki ikamfikia kutoka jikoni, "utazunguka hivyo kama jambazi mpaka lini?"

Hedwiga akasimama. Getini alikuwa Lesian, ameshalifungua.

"Shikamoo, mama. Loshoro imeiva. Ingia ule."