Leza Si Tochi

Kila Jumatano jioni kwaya ya Unyambwa hufanya mazoezi. Gervas, mwalimu wao, hubandika ukutani karatasi kubwa ya nota, kisha huzionyesha kwa kidole. Ila Gervas ni mnene.

"Mwalimu, sogea! Wewe si kioo!" wanakwaya humpigia kelele.

Ndipo aliponunua mjini kichwa kidogo cha leza, taa ndogo ya mwanga mkali, chenye waya mwekundu na waya mweusi. Alitaka kujitengenezea taa ya kuonyeshea nota kutoka mbali. Alikichomeka kwenye kipande cha bomba, akasokota waya, akaweka betri mbili za tochi. Hakikuwaka.

Mkewe, Luciana, alikuwa anapepeta uwele. Akakung'uta mikono, akaja.

"Labda kinawaka kidogo, Baba Faith. Hebu chungulia."

Tochi zao zote walizipima hivyo. Gervas akakiweka mbele ya jicho la kulia. Luciana akaubana waya mweusi kwenye betri.

"Ee! Kimewaka! Hapohapo, Mama Faith, usiachie!"

Luciana hakuachia. Gervas akaendelea kuchungulia, akizungusha kioo cha mbele ili mwanga utulie. Alikuwa anacheka, na Luciana akacheka naye.

Kesho yake Gervas aliona doa jeusi katikati ya kila nota. Alinawa uso. Doa halikutoka.

"Litaisha tu," alisema.

Halikuisha. Walipofika hospitali, daktari alimulika jicho.

"Mwanga umeunguza nyuma ya jicho," alisema. "Huko hakuumi, ndiyo maana hukushtuka. Ungekuja siku ileile. Siwezi kusema lingepona, lakini tungeliona mapema."

"Miwani je?" Luciana aliuliza.

"Miwani haitalisaidia, mama."

Walipofika nyumbani, alikuja Witness, jirani yao, fundi wa redio na simu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

Witness alikitazama kile chombo. "Leza si tochi, mama. Tochi hutawanya mwanga. Leza huukusanya wote mahali padogo. Na hivi vya bei rahisi, nguvu iliyoandikwa usiiamini."

"Sasa mbona kiligoma kuwaka mpaka nilipoushika waya?" Luciana aliuliza.

"Waya mweusi umelegea. Ungeuachia, kingezima."

Luciana akainama, akaangalia mikono yake.

Witness alitoa betri kwanza. Akasugua ncha za waya, akaunganisha waya mwekundu upande wa chanya na mweusi upande wa hasi, akazichomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, akaweka na swichi ndogo. "Hiki ni cha volti tatu, betri mbili zinatosha. Ya pikipiki ingekiunguza." Akakielekeza kwenye ukuta wa udongo, mbali na kioo na watu, ndipo akarudisha betri na kubonyeza swichi. Nukta nyekundu ikatokea ukutani. "Unapima hivi. Kikigoma, toa betri, kagua waya. Jicho kamwe."

Jumatano iliyofuata nukta ilitembea vizuri juu ya nota. Gervas aliinamisha kichwa upande, ili aone kwa jicho la kushoto.

Mazoezi yalipokwisha, mwimbaji mmoja, Rebeka, alikichukua kile chombo mezani. "Mwanga unatokea wapi?" Akakiinua usoni, kidole kikitafuta swichi.

Luciana, aliyekuja na mumewe, alimpokonya, akatoa betri.

"Dada, tazama ukutani tu. Mume wangu alichungulia humu. Mimi ndiye niliyemwambia achungulie, na waya niliushika mimi."

Rebeka alirudisha mikono nyuma. Luciana alizitia betri mfukoni, akaenda kumsaidia mumewe kubandua karatasi.