Taa za Ukungu Juu ya Paa

Ndugu zangu, nyumba ya Clemensi pale Ganako ilikuwa nyumba ya amani. Miaka ile ya sabini Clemensi aliendesha Landrova ya abiria kati ya Karatu na Wasso, na mkewe Marsela alijivunia kuitwa mke wa dereva.

Balaa ilianzia kwenye harusi ya shemeji yake Clemensi. Gari lilikuwa na taa mbili za manjano, zimefungwa chini kwenye bampa ili zimulike barabara wakati wa ukungu. Clemensi akazifungua, akazipandisha juu ya paa gari lipendeze. Harusi ikapita, taa zikabaki huko huko.

"Baba Patrisi, zirudishe zilipokuwa," Marsela alimwambia.

"Zikiwa chini, nani ataziona?"

Mniwie radhi, lakini ni wangapi kati yetu tunaotafuta kitu ili tuonekane nacho, si kitufae?

Asubuhi moja ya Juni, Marsela alipanda gari hilo kwenda kumwona dada yake Wasso. Walipofika ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ukungu ulikuwa mzito. Clemensi akawasha taa zote. Mwanga wa juu ukagonga ukungu, ukawarudia machoni. Marsela hakuona hata boneti.

"Simama pembeni, tungoje upungue."

"Waseme Clemensi anaogopa ukungu? Barabara hii naijua."

Hakupunguza mwendo. Marsela akasikia kengele ya ng'ombe, kisha kishindo. Alishuka, akamkuta mzee Olais, mfugaji wa pale ukingoni, amelala kando ya ng'ombe wake. Alikuwa ameshakata roho.

Clemensi alifungwa. Marsela alikwenda na wazee wa Ganako kuomba radhi kwenye boma la marehemu. Nasha, mjane wa Olais, alimgeukia Marsela.

"Wanasema gari lenu lilikuwa na taa nne," akasema. "Hata moja haikumwona mume wangu?"

Marsela alilia, na Nasha akalia naye.

FUNZO

Taa ya ukungu mahali pake ni chini, imulike njia. Ukungu ukishuka, punguza mwendo, usiwashe taa kali za mbali, na usipoona mbele toka barabarani ungoje. Wahenga walisema kawia ufike. Clemensi hakutaka kukawia, na Olais hakufika bomani kwake.