Kitufe Kilichohama

Kuo-Lun alikuwa kwenye foleni ya maziwa ya soya, asubuhi ya Taipei imejaa mvuke na honi za pikipiki, msichana wa mbele yake, mwenye koti la mvua la manjano, alipoikemea simu.

"Ala! Nabonyeza Lipa, ukurasa unaruka, kidole kinaangukia Futa! Tiketi yangu ya kwenda kwa bibi Mwaka Mpya imeyeyuka!" Akageuka, macho yamelowa. "Kaka, aliyetengeneza ukurasa huu wa mabasi ana haya kweli?"

Kuo-Lun akauona ukurasa. Masikio yakamuwaka moto. Ni kazi ya mikono yake.

"Hana, dada."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi? Natengeneza kompyuta."

Wakapeana namba; uongo ukazaliwa hapo, na mapenzi nayo. Pei-Shan, ndilo jina lake, akawa anampigia kila mchana: "Umekula, bonge langu?" Kuo-Lun alicheka, na ukweli akauficha.

Haya, tegua kitendawili hiki: mpishi gani hupakua bila kumwona mlaji? Ni seva, ile kompyuta ya mbali itumayo kurasa. Haioni kama kioo cha mteja ni kipana au chembamba, hukisia tu. Kuo-Lun, mwenye kioo cha kompyuta kipana kama dirisha mezani pake, aliiambia ikisie kioo kipana daima. Simu zikapokea ukurasa mpana, zikaukunja upya, vitufe vikahama chini ya vidole vya watu.

Siku Pei-Shan alipompelekea chakula ofisini, mwenzake alipaza sauti: "Bwana Ukurasa wa Mabasi, una mgeni!"

Pei-Shan akakitua chakula taratibu. "Uliniona nalia, ukanyamaza?"

Akaondoka. Akipigiwa, hapokei.

Kuo-Lun hakukigusa chakula. Kila kifaa kikibisha hodi kwa seva hujitaja. Basi akaifundisha seva isikilize jina hilo, ijifanye inakitazama kioo cha simu, ndipo ipakue. Akajaribu kwa simu yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ukurasa ukatulia tuli.

Akapiga tena. Safari hii Pei-Shan akapokea.

"Ni mimi niliyekupotezea tiketi," Kuo-Lun alisema. "Niliona aibu, nikaogopa utaniacha. Nimerekebisha. Tiketi za mabasi ya nyongeza zimefunguliwa sasa hivi. Nunua, hata kama hutaki kuniona tena."

Pei-Shan akafungua ukurasa, akabonyeza Lipa.

"Kitufe hakijaruka," Pei-Shan akasema.

"Umepata kiti?"

"Viwili."

"Mwaka Mpya? Mbele ya ukoo wote?"

"Ukoo wote, bonge. Na bibi atakuuliza kazi yako. Ole wako useme unatengeneza kompyuta."